Leo Sili: Fundo Linalofunga Sonona na Kula Kupita Kiasi

Dada yangu alikuwa akila gizani. Hakuwasha taa ya jikoni, mwanga wa jokofu ulimtosha. Alikula amesimama, upesi upesi: mkate mkavu, kisha biskuti, kisha kiporo cha jioni bila hata kukipasha moto. Akimaliza, alizikusanya karatasi za biskuti akazididimiza chini kabisa ya debe la taka, juu yake akatandaza gazeti. Asubuhi nikimuuliza, "Dada, mbona hunywi chai?" alinijibu akitazama pembeni, "Nimeshiba, mdogo wangu. Leo sili."

Kwa miaka mingi niliamini shida ya dada ilikuwa ile ya usiku. Nilikosea, na nadhani yeye pia alikosea. Kule kula kwa usiku kulikuwa kishindo tu. Fundo lenyewe lilifungwa asubuhi, kwa maneno yale mawili. Nataka kueleza kwa nini, maana wengi walio ndani ya duara hili la sonona na kula kupita kiasi hupigana nalo upande ambao hauvunjiki, wakachoka, mwishowe wakajiona wao wenyewe ndio wabovu.

Sonona inayokula

Watu wakisikia sonona humfikiria mtu aliyekonda, anayeisukuma sahani kando. Wapo hao. Lakini daktari anayetafuta dalili za sonona huuliza pia kama hamu ya chakula imezidi. Kupungua sana ni dalili, na kuongezeka sana ni dalili vilevile, sawa na zile zinazojulikana zaidi: huzuni au utupu usiobanduka kwa wiki 2 au zaidi, mambo uliyoyapenda kupoteza ladha, usingizi kuvurugika, mwili kuchoka bila kazi, kujiona hufai. Ipo sura ya ugonjwa huu ambamo mtu hula sana, hulala sana, na mikono na miguu humwelemea kana kwamba amefungiwa mawe. Vitabu vya tiba huiita sonona isiyo ya kawaida. Jina hilo silipendi. Sura hiyo si ngeni kliniki, na jina humfanya mgonjwa adhani kwamba hata kuugua ameugua vibaya.

Kula kupita kiasi nako kunahitaji kuwekwa wazi. Kila mtu amewahi kuvimbiwa siku ya sherehe, na hilo si ugonjwa. Ninachozungumzia ni pale mtu anapofakamia, ndani ya saa moja au mbili, chakula kingi mno kuliko ambacho wengi wangekula kwa muda huo, huku akihisi kwamba usukani haumo tena mikononi mwake. Hula haraka, hula bila njaa, hula hadi tumbo linauma, hujificha kwa kuona haya, na akimaliza hujichukia. Albert Stunkard, daktari wa akili wa Marekani, aliueleza ulaji wa namna hii mwaka 1959. Ikapita zaidi ya miaka 50 ndipo, mwaka 2013, chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kikautambua kuwa ugonjwa unaojitegemea. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Kipimo cha Wamarekani ni angalau mara 1 kwa wiki kwa muda wa miezi 3. Kama wewe hupatwa kwa nadra kuliko hapo, usidhani huna haki ya kuomba msaada. Anayeumia anaumia hata kama hajafika kwenye kipimo.

Basi kipi hutangulia? Mwaka 2010 watafiti walizijumlisha tafiti 15 zilizowafuatilia watu zaidi ya 58,000 kwa muda mrefu. Watu wenye unene uliokithiri walikuwa na hatari ya kupata sonona baadaye iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 55. Wenye sonona nao walikuwa na hatari ya kunenepa kupindukia iliyozidi kwa asilimia 58. Tarakimu hizo ni karibu pacha. Wao walipima unene, si ulaji, na mambo haya mawili tusiyachanganye, kwani wapo wanene wasiofakamia chakula na wapo wembamba wanaofakamia kila wiki. Hata hivyo picha inaonekana: njia hii hupitika kwenda na kurudi. Kwa aliye ndani yake, kubishana kuhusu mwanzo hakumtoi. Heri aulize duara limelegea wapi.

Usiku unatafuta nini

Sonona ikiingia hunyang'anya raha moja baada ya nyingine. Muziki unakuwa kelele, simu ya rafiki inakuwa mzigo, matembezi yanakuwa safari ya mbali. Kinachobaki ni chakula, kwa sababu hakidai nguvu, hakidai maelezo, na kipo hatua chache kutoka kitandani. Mtu akikimbilia chakula katika hali hiyo si kwamba ni mlafi. Milango mingine yote imefungwa, ameingia ule ulio wazi.

Mwili nao unamsukuma. Sonona huvuruga usingizi, na usingizi ukivurugika njaa huongezeka. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 12 wa kiume, wenye afya, saa 4 tu kwa usiku 2 mfululizo. Homoni ya leptini, inayouambia ubongo kwamba mwili umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, inayoamsha njaa, ilipanda kwa asilimia 28, na vijana wenyewe walisema njaa yao imeongezeka, hasa hamu ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Hao walikuwa wazima, tena kwa siku 2 tu. Sasa mfikirie mtu aliyekesha miezi.

Kuna kitu kingine, nacho ndicho nilichokiona kwa dada kabla sijajua jina lake. Mwaka 1991 Todd Heatherton na Roy Baumeister walipendekeza kwamba mtu anayefakamia chakula anaikimbia nafsi yake. Akili inayojihukumu kutwa nzima huchoka. Anapokula kwa kasi, fikra hubana zikabaki kwenye mkono, mdomo na kitu kinachofuata kutafunwa. Kwa dakika chache hakuna aliyeshindwa kazi, aliyeachwa, wala asiyependwa. Kuna mkate tu. Ndiyo maana dada hakuwasha taa.

Je, chakula kinaliwaza? Hapa sayansi imekuwa wazi kuliko nilivyotarajia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watu walioneshwa filamu za kuwatia simanzi, kisha wengine wakapewa chakula walichokitaja wenyewe kuwa ndicho huwapoza moyo, wengine chakula kingine, na wengine hawakupewa kitu. Wote walirudi katika hali nzuri, na waliokosa chakula hawakuachwa nyuma. Simanzi ilipungua yenyewe, chakula kikapewa sifa isiyokuwa yake. Na hao ni watu waliokula kawaida. Kwa wanaofakamia hali ni mbaya zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2011 wa tafiti 36, ambamo watu walirekodi hisia zao palepale zilipowajia, ulionesha kwamba hisia mbaya huwa nyingi kabla ya kufakamia, na baada yake huongezeka. Ahueni huenda ipo wakati wa kutafuna, lakini haifiki hata kwenye kuosha mikono.

Asubuhi, mahali fundo linapofungwa

Baada ya usiku kama huo mtu huamka na aibu, na aibu hudai adhabu. Adhabu iliyo karibu ni njaa. "Leo sili." Huonekana kama uamuzi wa mtu mwenye msimamo, na wanaomzunguka humsifu.

Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 kwa wiki 24, wakabaki wakila karibu nusu ya kile walichokizoea. Walikuwa wamejitolea, na walichaguliwa kwa sababu walikuwa wazima wa mwili na akili. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwalisha watu walioteswa na njaa ya vita. Wanaume hao walipoteza takriban robo ya uzito wao, lakini kilichowashtua wengi ni mabadiliko ya nafsi. Wakawa na huzuni, hasira za haraka, wakajitenga. Walisoma vitabu vya mapishi kama wengine wanavyosoma barua za mapenzi. Waliwaza chakula mchana, wakakiota usiku. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado walisema hawajashiba.

Hao hawakuwa na sonona walipoanza. Njaa yenyewe iliwatia huzuni na kuwafanya watumwa wa chakula. Mtu ambaye tayari ana sonona akijinyima, anaongeza kuni kwenye moto uleule anaotaka kuuzima. Wahenga walilijua hili bila maabara: mwenye njaa hana miiko.

Kujinyima kuna mtego wa pili, nao umo kichwani. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi wa kike kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakawaambia waonje aiskrimu, wale kiasi watakacho. Wasiokuwa na mazoea ya kujinyima, kwa kuwa walishakunywa, walikula kidogo. Waliozoea kujinyima walikula zaidi kuliko wenzao wa tabia hiyohiyo ambao hawakupewa kinywaji chochote. Mantiki yake kila aliyewahi kujiwekea sheria kali anaijua: sheria imevunjika, siku imeharibika, maji yakimwagika hayazoleki, basi liwalo na liwe. Biskuti moja haikuwa tatizo. Sheria iliyosema hata moja marufuku ndiyo iliyoifanya moja iwe pakiti nzima.

Hapo duara linafunga. Sonona humwambia mtu hafai. Anakula usiku ili asiisikie sauti hiyo. Aibu inamwamrisha kushinda njaa, njaa na sheria vinamrudisha jikoni, na kila asubuhi sonona hupata ushahidi mpya: si unaona, hata mdomo wako umekushinda. Dada aliamini ushahidi ule kwa miaka. Alikuwa mwalimu hodari, amewalea wadogo zake, lakini kesi yote aliihukumu kwa karatasi za biskuti.

Kula asubuhi inayofuata

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya mwingine wowote, ni huu: umekula kupita kiasi jana, leo kunywa chai na ule. Najua unavyosikika. Dada alipoambiwa na mnasihi wake alikasirika, akasema anataka kusaidiwa kupunguza, siyo kuongeza. Lakini hicho ndicho kiini cha tiba ya ulaji huu aliyoiunda Christopher Fairburn wa Oxford, tiba ya mazungumzo ambayo imepimwa sana. Mtu hupanga milo 3 na vitafunwa 2 au 3 kwa siku, asipitishe takriban saa 4 bila kula, na katikati ya hapo asile kitu. Hufuata saa, si tumbo, kwa kuwa ishara za njaa na shibe zimeshavurugika na zitahitaji wiki kadhaa kutulia. Kama asubuhi tumbo limejaa, kula kidogo, lakini kula. Mwenye kisukari au anayetumia dawa zinazoendana na milo apange ratiba hii na daktari wake.

Nisikudanganye: tiba hii haiahidi kupunguza uzito, na kwa wengi uzito haubadiliki sana. Inachofanya ni kuzipunguza zile siku za kufakamia, au kuzimaliza. Anayeingia akiwa na jicho moja kwenye mizani hurudi haraka kwenye kujinyima. Ningekuwa na uwezo ningewaambia wote waweke mizani stoo kwa miezi michache ya mwanzo, isipokuwa daktari ameelekeza vingine.

Jambo la pili ni namna unavyojisemesha baada ya kuteleza. Wengi tunaamini tusipojikaripia tutazidi. Mwaka 2007 Claire Adams na Mark Leary waliwapa wanafunzi wa kike andazi tamu lenye sukari wale, kisha baadhi yao wakaambiwa maneno machache ya huruma: kila mtu hula hivi wakati mwingine, usijihukumu. Baadaye wote waliletewa peremende, kwa kisingizio cha kuzionja. Miongoni mwa wale wenye mazoea ya kujinyima, walioambiwa maneno ya huruma walikula kidogo kuliko ambao hawakuambiwa. Huruma haikuwafungulia mlango wa ulafi. Iliuondoa uchungu uliokuwa ukiwasukuma kula. Ukishindwa kupata maneno ya kujiambia, mfikirie mdogo wako amekuja kwako analia kwa jambo hilohilo. Ungemwambiaje? Yaseme hayo, tena kwa sauti.

Daftari husaidia, mradi usihesabu kalori. Andika saa, ulichokula, ulipokuwa, na kilichotangulia. Dada aliniruhusu kuona ukurasa mmoja wa daftari lake:

"Saa 7 mchana, sikula, kikao. Saa 12 jioni, nimerudi, nimelala na nguo za kazi. Saa 5 usiku, mkate wote. Kabla yake nilisoma ujumbe wa mkuu wangu mara nne."

Mistari michache, na kila kitu kimo: njaa ya kutwa, uchovu, upweke, na ujumbe mmoja uliomchoma. Kabla ya daftari alikuwa akisema "inanijia tu". Haikuwa ikimjia tu.

Kuhusu mshawasha wenyewe, Alan Marlatt, aliyewatibu watu wenye uraibu, aliufananisha na wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka lenyewe usipolilisha. Jipe dakika 20. Toka chumbani, mpigie mtu, oga. Na ukiona utakula tu, washa taa, weka chakula kwenye sahani, kaa kitini. Hilo la mwisho halimo kwenye vitabu vyote, ni langu, lakini nimeona linavyofanya kazi: giza na kusimama ni sehemu ya kujificha, na aibu hunenepa mafichoni.

Sonona nayo itibiwe. Ukirekebisha milo ukaiacha sonona, ni kama kufuta maji sakafuni bila kufunga bomba. Kuna tiba ambayo humtaka mtu atende kwanza, asisubiri hamu irudi: jambo dogo moja lenye maana, kwa saa iliyopangwa, hata kama moyo haumo. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walionesha kwamba sehemu hiyo peke yake iliwasaidia wagonjwa wa sonona sawasawa na tiba kamili ya kurekebisha fikra. Dada alianza kwa kumwagilia maua saa 1 asubuhi. Dakika 5, basi.

Dawa zina nafasi yake, lakini uliza. Baadhi ya dawa za sonona, mathalani mirtazapini na amitriptilini, huongeza hamu ya kula. Kama tangu uanze dawa njaa imekuzidi, mweleze daktari abadilishe au arekebishe kipimo. Usiache ghafla mwenyewe. Ipo pia dawa, lisdexamfetamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa watu wazima wenye ugonjwa wa kufakamia chakula, ila inaweza kuleta uraibu na haimfai kila mtu.

Mambo mawili hayasubiri miadi ya wiki ijayo. La kwanza ni kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha ili kutoa kilicholiwa: hilo huvuruga madini ya damu, hasa potasiamu, na moyo unaweza kusimama. La pili ni mawazo ya kufa au kujiumiza. Ukiwa nayo, mwambie mtu leo hii, na uende hospitali ukiwa na mtu huyo.

Kwenu mnaoishi na mtu wa namna hii, nasema kama niliyekosea sana. Nilificha biskuti. Nilimwambia dada, "Jikaze." Nilimsifu siku alizoshinda njaa, nikamwambia amependeza. Kila moja ya hayo lilikaza fundo. Kilichosaidia kilikuwa kitu kidogo mno: kuacha kuuzungumzia mwili wake kabisa, kwa ubaya au kwa uzuri, na asubuhi kuweka sahani 2 mezani badala ya 1, bila hotuba. Kwa wiki kadhaa sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Niliendelea kuiweka.

Mwezi wa nne wa matibabu yake aliteleza tena. Nilisikia jokofu likifunguliwa usiku wa manane, nikabaki kitandani. Kulipokucha nilimkuta mezani amenitangulia. "Jana nimekula sana, mdogo wangu," alisema kabla sijakaa. Alikuwa na kikombe cha chai mbele yake, na yai la kuchemsha, amelimenya nusu. Akaendelea kulimenya.